Nyanya Yako Aliugua Nini? Anza Kuandika Historia ya Afya ya Ukoo Wako

Ikiwa umewahi kulazwa hospitalini, kuomba bima ya maisha au kuonana na daktari kwa mara ya kwanza, bila shaka umeulizwa swali hili: je, katika jamaa yenu kuna mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu, saratani, pumu au kifafa? Na ikiwa wewe ni kama wengi wa wagonjwa ninaowaona, ulijibu papo hapo: "Hakuna."

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiliandika neno hilo kwenye faili na kuendelea na kazi. Foleni ilikuwa ndefu na watoto walikuwa wakilia nje. Siku hizi silikubali upesi hivyo. Huuliza swali la pili: nyanya yako mzaa mama alifariki akiwa na umri gani, na aliugua nini? Hapo ndipo mgonjwa huanza kutazama dari. Bwana mmoja, mhasibu mwenye digrii mbili, aliniambia, "Daktari, hata jina lake la nyumbani silijui. Sisi tulimwita nyanya tu." Kumbe "hakuna" yake ilikuwa na maana ya "sijui", na baina ya maneno hayo mawili pana tofauti inayoweza kumgharimu mtu macho, figo au maisha.

Makala ya leo inakusudia kukusaidia kuiondoa hiyo "sijui". Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu wa historia. Inahitaji daftari, kalamu, nauli ya kwenda nyumbani na subira ya kusikiliza wazee.

Kwa nini daktari huuliza

Kila mtu hupata nusu ya jeni zake kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Wewe na ndugu yako wa tumbo moja na baba mmoja mnachangia nusu ya jeni kwa wastani. Na nyanya, babu, shangazi au mjomba unachangia robo. Na binamu wa kwanza ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Kwa hivyo ugonjwa wa ndugu au mzazi una uzito mkubwa kuliko ugonjwa wa binamu, na ugonjwa wa binamu mmoja wa mbali aghalabu hauna maana yoyote kwako.

Yapo magonjwa machache yanayorithiwa moja kwa moja, mathalani selimundu, ambayo nitaieleza baadaye. Lakini mengi yanayotusumbua mijini hayarithiwi kama shamba. Kinachorithiwa ni wepesi wa kuyapata. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake ana kisukari cha watu wazima yumo katika hatari mara mbili au tatu zaidi ya mtu asiye na jamaa mgonjwa. Mwanamke ambaye mama au dada yake alipata saratani ya matiti, hatari yake huwa takriban maradufu. Presha ya macho, iitwayo glakoma, ambayo hula uwezo wa kuona polepole bila maumivu yoyote, nayo hupenda kutembea katika jamaa moja. Vivyo hivyo shinikizo la damu, kiharusi, magonjwa ya moyo, pumu na saratani ya utumbo mpana.

Tena, jamaa hairithishani jeni peke yake. Inarithishana chungu, chumvi, moshi wa jikoni, pombe na tabia ya kukaa bila kwenda hospitali. Daktari anapouliza kuhusu wazazi wako anauliza hayo yote kwa mpigo mmoja.

Usisome haya ukadhani nimekutabiria kifo. Wengi walio na jamaa wagonjwa hawaugui kamwe, na wengi wanaougua hawana jamaa yeyote aliyeugua. Faida ya kujua ni kwamba utapimwa mapema, na kwa baadhi ya magonjwa haya mapema ndiyo tiba yenyewe. Utafiti wa kitaifa uliofanywa humu nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu hata mara moja.

Chora kabla ya kuuliza

Chukua karatasi kubwa, uilaze kwa upana. Katikati, chini, jichore wewe mwenyewe: mraba ikiwa wewe ni mwanamume, duara ikiwa ni mwanamke. Kando yako weka ndugu zako wote kwa mpangilio wa kuzaliwa. Juu yenu weka baba na mama, na kando ya kila mmoja ndugu zake. Juu kabisa weka babu wawili na nyanya wawili. Watoto wako wanakaa chini yako. Inatosha. Usihangaike na mababu saba wa kwanza waliotoka Misri au Bahari-al-Ghazal. Hao waachie wazee wa ukoo.

Kwa kila mraba na kila duara andika mambo haya: jina, mwaka wa kuzaliwa, ugonjwa mkubwa aliougua, umri wake ugonjwa ulipoanza, na ikiwa amefariki, umri aliofariki nao na sababu. Ambapo hujui, weka alama ya kuuliza. Usiweke "hakuna". Mara ya kwanza utashangaa jinsi karatasi inavyojaa alama za kuuliza, hasa upande mmoja, na upande huo nitaurudia.

Waandike pia waliokufa wachanga na mimba zilizoharibika, ikiwa wenyewe wako radhi kuzitaja. Katika jamii kadhaa zetu kuhesabu watoto wa mtu ni mwiko, na mtoto aliyezikwa kabla ya kupewa jina hatajwi tena. Kwa daktari, hata hivyo, watoto watatu waliokufa wakiwa na macho ya manjano na mifupa inayouma ni habari nzito kuliko babu aliyeishi hadi miaka 90.

Katika mambo hayo yote, watu husahau zaidi umri, na umri ndio hutufaa zaidi. Kujua kwamba baba yako alikufa kwa ugonjwa wa moyo ni nusu ya habari. Ikiwa alikuwa na miaka 82, hilo halinishtui. Ikiwa alikuwa na miaka 47, ninakuchukua wewe kama mtu mwingine kabisa. Kwa kawaida sisi huhesabu kuwa ni mapema ikiwa baba au ndugu wa kiume alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65. Saratani ya matiti kabla ya miaka 50 hutufanya tuulize maswali mengi zaidi. Na ikiwa mzazi au ndugu alipata saratani ya utumbo mpana, ushauri ni kuanza uchunguzi ukifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua yeye, lolote litakalotangulia. Yaani kama mama aliugua akiwa na 44, wewe usingoje 40. Nenda ukiwa na 34.

"Lakini nyanya hakujua alizaliwa lini," utaniambia. Kweli, wazee wengi walipewa tarehe ya kwanza ya Januari na karani aliyekuwa na haraka. Hapa ndipo historia ya nchi inatusaidia. Usimuulize mzee mwaka, muulize tukio. Alikuwa ameolewa wakati wa vita vya Hitler, vilivyokwisha mwaka wa 1945? Alikuwa ananyonyesha nani Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952? Uhuru wa 1963 ulimkuta na watoto wangapi? Alikufa kabla au baada ya Mzee Kenyatta, aliyefariki mwaka wa 1978? Kabla au baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, au ile njaa ya 1984? Mwaka wa kutahiriwa nao husaidia sana. Babukusu, kwa mfano, hutahiri katika miaka ya shufwa, kwa hiyo mzee akikutajia waliotahiriwa naye unaweza kuubana mwaka wake hadi ukawa mmoja au miwili.

Majina pia yana habari. Kwa Agikuyu mwana wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huchukua la nyanya mzaa baba na wa pili la nyanya mzaa mama. Basi, ikiwa hujui jina la nyanya ya mama yako, tazama wajomba na mama zako wadogo wanaitwaje kwa mpangilio wa kuzaliwa, na jina litajitokeza lenyewe.

Upande uliosahauliwa

Sasa narudi kwa ule upande wenye alama nyingi za kuuliza. Katika jamii nyingi za Kenya ukoo huhesabiwa kwa wanaume. Mzee anaweza kukutajia majina ya baba zake hadi kizazi cha nane bila kumeza mate, na asikutajie hata mke mmoja. Mama yako alitoka "kwa watu wa ng'ambo ya mto". Shangazi yako aliolewa mbali na akawa "wa huko". Hivyo ndivyo tunavyogawana ardhi, na sina ugomvi na hilo leo. Lakini jeni hazijui mahari wala mipaka ya shamba. Nusu yako imetoka kwa watu wa ng'ambo ya mto.

Kosa hili hutokea hata kwa wasomi, na madaktari pia tumo. Mwanamke huulizwa kuhusu saratani ya matiti, naye humfikiria mama yake na mama wadogo tu. Kuna jeni mbili, BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka wa 1994 na 1995, ambazo zikiwa na kasoro huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Mwanamume anaweza kubeba kasoro hiyo maisha yake yote bila kuugua, na kila mtoto wake, wa kike na wa kiume, akawa na nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya matiti ni kama 5 hadi 10 tu ambao ugonjwa wao umetokana na jeni za kurithiwa, kwa hivyo usiwe na hofu kupita kiasi. Lakini ukitaka kujua kama ukoo wako ni mmojawapo, dada za baba yako ndio wenye jibu. Mama mmoja aliyekuja kwangu na uvimbe alisema upande wa mama ni safi kabisa, na ulikuwa safi kweli. Shangazi zake wawili, walioolewa mbali na nyumbani, walikuwa wamezikwa na titi lililooza, naye hakuwa ameambiwa kwa sababu hakuna aliyedhani kuwa linamhusu.

Kwa hiyo, ukiwa na nauli ya safari moja tu, usiende kwa mzee wa ukoo. Nenda kwa mwanamke mzee kuliko wote aliye hai katika jamaa yako. Yeye ndiye aliyewauguza hao wagonjwa, akawaosha na kuwalisha uji. Mzee wa ukoo alikuwa barazani.

Makaratasi yaliyoko sandukuni

Kabla ya kusafiri, pekua nyumba. Kila nyumba ina sanduku la bati au mkoba wa zamani uliojaa karatasi: kadi za kliniki, kadi za ubatizo, barua za hospitali, vibali vya mazishi, vyeti vya vifo. Kadi ya kliniki ya mwaka wa 1985 yenye vipimo vya presha vya mama yako akiwa mjamzito ina thamani kubwa kwangu. Wanawake wanaopata presha wakati wa ujauzito huwa na hatari kubwa zaidi ya kuipata tena baadaye.

Cheti cha kifo kisome kwa jicho la tahadhari. Kwanza, jamaa hukitafuta hasa pale penye mali ya kurithiwa, kwa hivyo utakuta cha babu aliyekuwa na shamba, na cha nyanya asiyekuwa na chochote hukioni. Pili, mtu anapofia nyumbani habari hutolewa kwa naibu wa chifu na jamaa wenyewe, na sababu inayoandikwa ni ile waliyoisema. Tatu, hata cheti cha hospitali kinaweza kusema tu kwamba moyo ulisimama. Hapo lawama ni yetu madaktari. Kila aliyekufa moyo wake ulisimama.

Usidharau gazeti lenyewe. Kurasa za matangazo ya vifo huorodhesha jamaa kuliko kitabu chochote: mwana wa fulani, ndugu ya fulani, mjomba wa fulani na fulani. Vijitabu vya mazishi navyo vina wasifu wa marehemu wenye tarehe. Ila sababu ya kifo huwa imefunikwa. "Baada ya kuugua kwa muda mrefu" inaweza kuwa saratani, figo au ukimwi. "Baada ya kuugua kwa muda mfupi" mara nyingine huwa ni kiharusi au moyo. Andika ulichokiona, kisha umuulize aliyekuwepo.

Makanisa ya zamani yana madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko, na paroko au kasisi akiombwa vizuri mara nyingi hukubali kuyafungua. Ikiwa babu yako alifanya kazi kwa mzungu kabla ya mwaka wa 1947, huenda kipande chake kingali mahali, kile alichokivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, kikionyesha alikotoka na waliomwajiri. Babu aliyefanya kazi kwenye vumbi la mgodi au la kiwanda cha katani, kikohozi chake cha miaka mingi huenda kilitoka huko wala si cha kurithiwa. Wenye hamu ya kuendelea zaidi wanaweza kwenda kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi. Huko utapata vijiji na machifu wa zamani. Magonjwa ya nyanya yako hutayapata.

Lugha ya wazee

Mzee hasemi kisukari. Husema alikuwa akinywa maji kama ng'ombe, akikojoa usiku kucha, akakonda, kidonda cha mguu kikakataa kupona. Hasemi figo, husema alivimba uso asubuhi na miguu jioni. Hasemi saratani ya umio, ugonjwa ambao umewasumbua sana watu wa magharibi mwa Bonde la Ufa. Husema chakula kilikuwa kinakwama, akawa anakunywa uji tu, halafu hata uji ukakataa. Wewe usimkatize kwa majina ya hospitali. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha yake ya mama, na daktari atajaribu kuyafasiri.

Nina sababu ya kulisisitiza jambo hili. Baba yangu alifariki mwaka wa 1999, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari. Nilichoambiwa ni kwamba alianguka shambani asubuhi na kufikia jioni alikuwa amekwenda. Kijiji kizima kilijua sababu: alikuwa na kesi ya mpaka na jirani, na jirani huyo alikuwa ameonekana usiku karibu na boma letu. Nilikuwa kijana, nikaamini nusu na nusu nikaona haya kuuliza. Miaka ikapita, nikawa daktari, na kila nilipojaza fomu yangu mwenyewe niliandika, ndiyo, "hakuna".

Nilipofika miaka 45, daktari mwenzangu alinipima presha kwa mzaha tukinywa chai, ikawa 158 kwa 98. Alirudia mara mbili, kisha siku nyingine, na haikushuka. Akaniuliza nyumbani kwetu nani mwingine anayo. Sikuwa na jibu. Mwezi huo nilikwenda Butere kumwona senje, kama tunavyomwita shangazi kwetu, dada mkubwa wa baba.

Sikumuuliza kuhusu baba. Nilimuuliza kuhusu mama yao, ambaye simjui kwa sura. Senje akasema, "Kukhu wako alizaliwa mwaka gari la moshi lilipofika hapa." Reli ya Butere ilifunguliwa mwaka wa 1930. "Alikufa mwaka ule Mzee alipokufa, kabla ya mavuno. Ulimi ulikuwa mzito, mkono wa kulia na mguu wa kulia vimelala. Alikaa hivyo siku tisa." Nilifanya hesabu chini ya meza: miaka 48. Ndipo nikamuuliza ile asubuhi ya baba ilikuwaje. Akasema mdomo ulikwenda upande, akakoroma kama aliyelala, na asingeamka. Baba alimfuata senje kwa miaka miwili, na senje alizaliwa mwaka wa 1948. Miaka 49.

Siwezi kuapa kwamba wote wawili walikuwa na kiharusi kilichotokana na presha, hakuna aliyewapima. Lakini kama mgonjwa angenipa hadithi hiyo kliniki nisingesita. Nilimweleza senje polepole, kwa Kiluhya, jinsi mshipa unavyopasuka kichwani. Alinyamaza kwa muda mrefu, akiendelea kuchambua maharagwe, kisha akasema, "Basi yule mzee tulimwonea." Jirani yetu alikuwa amekufa miaka sita kabla ya siku hiyo. Hakuna mtu wa kwetu aliyekwenda kumzika.

Mambo ya kutahadhari

Ndiyo maana nasema kazi hii si ya kuchezea. Ukiuliza watu walikufa na nini, utafukua mambo. Mengi ya makaburi ya vijana yaliyochimbwa miaka ya 1990 yana siri ya ukimwi, uliopewa majina mengine: kifua kikuu, nimonia, homa, au chira kwa ndugu zetu Wajaluo. Virusi vya ukimwi havirithiwi kupitia jeni, ingawa mama anaweza kumwambukiza mtoto. Kwa hivyo ukiona katika karatasi yako ndugu wanne waliokufa wakiwa chini ya miaka 40 katika muda wa miaka 8, usikimbilie kusema ukoo umelaaniwa wala kwamba kuna ugonjwa wa damu. Na usimlazimishe mama mzee kutamka asichotaka kukitamka kuhusu mwanawe. Andika umri na mwaka, vinatosha.

Kuna pia siri za nani ni baba wa nani. Ukiambiwa, nyamaza nayo. Karatasi hii haipaswi kupigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ugonjwa wa shangazi ni mali ya shangazi, na aliye hai lazima akubali kabla hujaliandika jina lake na kumpa mtu mwingine asome.

Kabla ya ndoa

Niliahidi kueleza selimundu. Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Mtoto huvimba vidole, huumwa na mifupa, huishiwa na damu mara kwa mara. Dkt. Anthony Allison, aliyelelewa humu Kenya, alichunguza damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi mwaka wa 1949, akaona kwamba wabebaji wa jeni hii walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache sana nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba kubeba jeni moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu imedumu mahali penye mbu wengi.

Mbebaji haugui na hajijui. Lakini wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa ya mtoto mgonjwa. Kila mimba, si mtoto wa nne. Nimekutana na wazazi waliodhani kwamba kwa kuwa wa kwanza alikuwa mgonjwa, watatu wanaofuata wana hakika ya kuwa wazima. Kama jamaa yako inatoka Nyanza, Magharibi au Pwani, na katika karatasi yako kuna watoto waliokufa wakiwa na upungufu wa damu, wewe na mchumba wako pimeni damu ili mjue aina ya hemoglobini mliyo nayo. Mtoto akigunduliwa angali mchanga akapewa penisilini kila siku hadi afike miaka 5, chanjo zake na kinga ya malaria, nafasi yake ya kuishi ni bora sana kuliko ilivyokuwa kwa hao waliozikwa bila majina.

Karatasi ikikamilika kiasi, itoe nakala moja umpelekee daktari wako na umwombe aiweke kwenye faili. Akiitupia jicho tu na kuisukuma kando, irudishe mezani, umwonyeshe kwa kidole umri ulioandikwa. Iangalie tena kila mwaka, kwani aliyekuwa mzima Desemba iliyopita huenda hayuko hivyo leo. Wapo wanaoniuliza kama si rahisi zaidi kununua vile vipimo vya mate vinavyotumwa ng'ambo. Vina kazi yake, lakini havitakuambia ulimi wa nyanya ulikuwa mzito kwa siku ngapi.

Mimi mwenyewe bado nina alama za kuuliza sita, zote upande wa mama. Dada yake mkubwa anaishi Mumias na ana miaka 81. Simu yake haishiki chaji, na mvua zikianza barabara ya kwake haipitiki, kwa hivyo naenda Jumamosi hii.